“Mngojane”: Neno moja la Paulo lililonionyesha ubinafsi wangu ulikojificha (uzi mrefu kidogo)

#1 Baba Neema (mwanzisha uzi)

Wakuu, Bwana asifiwe kwa Wakristo, na salamu kwa wote.

Hili jambo nimekaa nalo wiki tatu. Mke wangu ndiye aliyeniambia niliandike, kwa sababu kila nikilisema kwa mdomo nalipunguza.

Mimi ni katibu wa jumuiya yetu ya nyumba kwa nyumba hapa Mwanza. Tupo kumi na wawili. Tunakutana kila Alhamisi jioni, na Alhamisi ya mwisho wa mwezi tunakula pamoja kwa yule ambaye zamu imemwangukia. Saa ya kuanza ni kumi na moja na nusu. Saa hiyo niliipendekeza mimi miaka minne iliyopita. Nilisema ni kwa usalama, watu warudi makwao mapema, na wote wakaitikia. Ukweli ni kwamba natoka kazini saa kumi, na jumuiya ikiisha mapema nabaki na jioni yangu nzima.

Kuna mwenzetu mmoja, nitamwita Dada. Anafanya usafi kwenye nyumba ya kulala wageni. Zamu yake inaisha saa kumi na mbili, kisha apande daladala mbili. Anafika saa moja na robo, wakati mwingine tukiwa tumeshasimama kwa sala ya mwisho. Miaka minne nimemwona akiingia, anakaa karibu na mlango, mkoba mapajani, anasema, “Samahanini, nimechelewa.” Na miaka minne nimemjibu, “Hakuna shida dada, karibu.” Nilijiona mtu mwema kwa kumjibu hivyo.

Mwezi uliopita jumuiya ilikuwa kwetu. Mke wangu alipika pilau. Ilipofika saa moja kasoro robo nikasema tule, chakula kisipoe. Tukala. Dada alipoingia, nyama ilikuwa imekwisha na pilau limekwisha. Mke wangu aliona haya, akainuka akitaka kukaanga mayai. Dada akamshika mkono: “Mama Neema, kaa. Mimi napenda ukoko.”

Akachukua kijiko, akainamia sufuria. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, nimeshiba, nikaisikia ile sauti ya kijiko kikikwaruza bati. Ilichukua muda. Akapata ukoko wa kujaza kiganja, mweusi upande mmoja, akaula amesimama kwa kuwa viti vimejaa. Kiti kimoja kilikuwa na begi langu. Nililiona begi lile na sikuliondoa. Siwezi kueleza kwa nini. Labda kwa sababu kuliondoa wakati ule kungekuwa kukiri.

Usiku ule nikaandika ripoti ya mwezi kwa mzee wa kanisa: mahudhurio mazuri, upendo upo.

Juma lililofuata nilikuwa natayarisha somo la Meza ya Bwana, 1 Wakorintho 11. Sura hiyo nimeifundisha mara nyingi, na kila mara nilikimbilia “mtu ajihoji mwenyewe”, nikawaambia watu watubu uzinzi, ulevi na uongo. Safari hii nikaanzia mstari wa 17, nikafika wa 21: “kwa maana kila mmoja hutangulia kutwaa chakula chake mwenyewe katika kule kula; hata huyu ana njaa, na huyu amelewa.” Nikaweka kalamu chini.

Kwa wasioijua habari yenyewe. Korintho uliharibiwa na Warumi mwaka 146 KK, ukajengwa upya mwaka 44 KK kwa amri ya Julius Caesar, na wengi waliohamishiwa huko walikuwa watumwa walioachwa huru. Ulikuwa mji wa bandari, mji wa watu waliokuja kutafuta, na kila mmoja alitaka aonekane amefika. Paulo alikaa pale mwaka mmoja na miezi sita (Matendo 18:11). Kanisa halikuwa na jengo. Walikutana nyumbani kwa aliyejaliwa nyumba kubwa; Gayo anatajwa katika Warumi 16:23 kuwa mwenyeji wa kanisa lote. Sasa chumba cha kulia cha tajiri wa Kirumi kilikuwa na makochi matatu, kila kochi watu watatu. Watu tisa, basi. Waliobaki walikaa uani. Na nani wangewahi hayo makochi? Wenye nafasi, wasiongoja ruhusa ya mtu. Mtumwa alifika bwana wake alipomwachia. Mpakua mizigo wa bandarini alifika mzigo ulipokwisha.

Yaani walifika saa moja na robo.

Kinachoniuma ni kwamba wale waliotangulia kula hawakuwa wapagani. Walikuwa wameokoka, wana karama, wananena kwa lugha, na sidhani kama kuna aliyekaa akapanga kumnyima maskini chakula. Walikula tu chakula kilipokuwa tayari. Lakini Paulo anawaambia maneno mazito: hicho si chakula cha Bwana, na mnawatahayarisha wasio na kitu. Halafu dawa anayowapa, mstari wa 33, ni neno moja la Kiswahili: mngojane.

Mimi natoa fungu la kumi. Misiba nachanga. Ukiniomba nauli nakupa. Kwa hesabu hizo nilijua ubinafsi ni tatizo la wengine. Sikujua kwamba unaweza kukaa kwenye ratiba, kwenye saa niliyoipanga mimi na kuipa jina la usalama.

Naomba tujadili. Nyinyi mmeushindaje ubinafsi katika vitu vidogo vya kila siku? Na mimi nifanye nini? Nimefikiria kubadilisha saa tu kimyakimya, mambo yaishe.

#2 Kandambili

Nimesoma mpaka mwisho, nimekaa kimya dakika kumi. Hilo begi kwenye kiti, mkuu. Hilo begi.

#3 Nesi Mstaafu

Baba Neema, umenitoa machozi, lakini nina neno na naomba unisikilize kama dada yako mkubwa.

Mama yangu naye alipenda ukoko. Alipenda pia shingo ya kuku, na miguu. Tulikuwa watoto saba na tulilijua hilo kama tunavyojua jina lake: mama hapendi paja. Nilipopata mshahara wangu wa kwanza wa unesi nikampeleka hotelini, nikamwambia aagize anachotaka. Akaagiza paja la kuku. Akalila lote, polepole, akafuta vidole kimoja kimoja. Nilikuwa na miaka ishirini na minne ndipo nikajua mama yangu anapenda paja.

Naleta hili kwa sababu ya mahubiri yetu. Mhubiri akisimama kusema “jikane nafsi, tanguliza wengine”, ni nani anayeitikia amina kwa sauti? Ni yule ambaye tayari yuko nyuma. Binti wa kazi anaitikia. Mama anayeamka saa kumi alfajiri anaitikia. Mwenye kiti na begi juu yake anadhani anasemwa jirani. Nimefanya zamu za usiku miaka mingi na nimewaona wanawake wanaletwa wodini wamekwisha kabisa, ukiuliza unaambiwa, “Huyu ana moyo, hasemi hapana.” Wengine hawakuwa na moyo huo. Walikuwa na hofu. Walijua wakisema hapana kutatokea nini nyumbani.

Yesu alisema juu ya uhai wake, “Hapana mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe” (Yohana 10:18). Kutoa na kunyang’anywa ni vitu viwili, hata kama kwa nje vinafanana. Na huyo huyo Yesu, wanafunzi walipozidiwa na watu hata wakakosa nafasi ya kula, hakuwaambia wajikane zaidi. Aliwaambia waje faraghani wapumzike kidogo. Iko Marko 6:31, na sijawahi kuisikia ikihubiriwa Jumapili.

Kwa hiyo swali langu kwako: Dada anapenda ukoko kweli, au miaka minne amekuwa akiwasitiri nyinyi?

#4 Baba Neema

Dada yangu, swali lako sina jibu lake. Sijawahi kumuuliza anapenda nini. Nimegundua sijui hata kijiji alikotoka.

#5 Mzee wa Karagwe

Wanangu, amani.

Baba yangu alikuwa ndugu wa Uamsho, ule wa Kikristo wa Afrika Mashariki. Vijana wa leo wanasikia wimbo wa Tukutendereza kwenye misiba na hawajui ulikotoka. Uamsho ule uliwaka Gahini, Rwanda, na mwanzo wake watu wanaukumbuka kwa mkutano wa mwaka 1929 Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alipokutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wote wawili wamechoka rohoni, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Moto ukaja mpaka kwetu Kagera.

Jambo moja la wazee wale limenikaa. Hawakuwa wanatubu kwa jumla. Hukusikia mtu akisema “Bwana nisamehe ubinafsi wangu” kisha akaketi. Walitaja. Mtu alirudisha jembe aliloazima akalifanya lake. Walikwenda nyumbani kwa mtu. Waliita “kutengeneza”. Namkumbuka baba akitoka asubuhi na mbuzi, sisi hatujui anaenda wapi, akarudi jioni bila mbuzi, uso unang’aa. Baadaye mama akatuambia: alikuwa amesogeza mpaka wa shamba hatua tatu miaka ya nyuma, na jirani hakuwa amejua.

Wewe umesema unataka kubadilisha saa kimyakimya. Mwanangu, usifanye hivyo. Ukibadilisha kimya, utakuwa umetunza heshima yako, na ni hiyo heshima iliyokuzuia kuliondoa begi. Nenda ukamwambie: dada, saa ile niliipanga kwa faida yangu, nikasema ni ya usalama. Usiweke “kama nimekukosea”. Umemkosea.

#6 Mwana Burundi

Nawasalimu kutoka Bujumbura. Kiswahili changu mtakisamehe.

Nataka kuleta habari ya Buta. Ni seminari ndogo kusini mwa nchi yetu, upande wa Bururi. Tarehe 30 Aprili 1997, alfajiri, watu wenye silaha waliingia bwenini. Nchi ilikuwa vitani, Wahutu na Watutsi wanauana. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi walikataa. Kama wangejitenga, baadhi yao wangeishi. Walishikana, wakauawa 40. Wamezikwa pale pale, na watu wanakwenda kuomba mpaka leo.

Tukisikia habari kama hii tunasema hao walikuwa watakatifu, sisi hatuwezi. Lakini mimi naangalia siku zilizotangulia. Mkuu wao, Padri Zacharie Bukuru, hakuwaficha wanafunzi mambo ya vita. Aliwaacha waseme waziwazi, hofu na hasira, Mhutu mbele ya Mtutsi. Walikula meza moja, walicheza timu moja wakati nje watu hawawezi kupita mtaa mmoja. Mtoto wa miaka kumi na saba hawezi kuamua alfajiri, bunduki mbele yake, kwamba mwenzake ni ndugu, kama jana yake mezani hakumsogezea sahani.

Ndiyo maana sicheki habari ya ukoko. Kwetu tumeona mwisho wake: watu wakizoea kula bila kuwangoja wengine, siku moja wanazoea kuishi bila wao.

#7 Mwana Kisauni

Mimi ni Muislamu wa Mombasa, nimepita nikasoma nikaona nisipite kimya.

Hiyo habari ya Buta imenikumbusha basi la Mandera, Desemba 2015. Al-Shabaab walilisimamisha, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa, na kabla ya hapo kina mama wa Kiislamu walishawapa Wakristo mitandio yao wajifunike. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa Waislamu hao, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016 hospitalini Nairobi.

Sisi tuna neno ithari, kumtanguliza mwenzio na wewe mwenyewe una haja. Limetajwa kwa Answari wa Madina, wenyeji waliompokea Mtume na wenzake waliohama Makka, katika Suratul Hashr ya Kurani, aya ya 9. Mzee wetu msikitini hulifundisha kwa tende: ukiwa na mbili, moja laini na moja kavu, mgeni anapewa ipi? Naona somo ni lile lile la sufuria. Mungu awazidishie kheri.

#8 Kifungua Mimba

Wakuu nawaheshimu, lakini mtu aseme na sisi wengine. Mimi ni mtoto wa kwanza, nimeajiriwa mwaka wa tatu. Mshahara ukiingia tarehe 25, simu zinaanza tarehe 24. Ada ya mdogo wangu, dawa za bibi, binamu anataka mtaji wa bodaboda, mjomba mchango wa harusi. Mwaka jana nilikopa ili nimpe mtu ambaye baadaye nilimwona baa. Nikisema sina, naambiwa Ulaya imeniingia na nimesahau nilikotoka. Kanisani nako naambiwa nitangulize wengine. Sasa mimi nitaoa lini? Nitaweka tofali lini? Na nikikasirika moyoni wakati natoa, hiyo ni sadaka kweli?

#9 Mama Watatu

Mdogo wangu, swali lako ni la kweli na usikubali mtu akuaibishe kwa kuliuliza.

Soma Wagalatia 6. Mstari wa 2 unasema mchukuliane mizigo. Ukiteremka mpaka wa 5, unasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Paulo hakujisahau katikati. Mzigo ni kile kinachomwelemea mtu: dawa za bibi yako ni mzigo, na ada ya mtoto ambaye baba yake hayupo ni mzigo. Furushi ni lile la kila siku ambalo mtu mzima anatakiwa atembee nalo, na ukimbebea unamlemaza. Bodaboda ya binamu mwenye nguvu zake ni furushi.

Sisi nyumbani tulikaa, mimi na mume wangu, tukaandika. Kuna kiasi cha ndugu kila mwezi, kimetengwa kabla hatujanunua hata mchele. Kikiisha, tunasema kimeisha, na tunasema kwa upole bila hadithi ndefu. Tangu tuanze hivyo, nikitoa natoa nikiwa na amani. Zamani nilikuwa natoa halafu nawasema watu jikoni wiki nzima, mpaka watoto wakaanza kuwachukia ndugu zao. Hapo nilikuwa nimetoa pesa tu.

Paulo huyo huyo anawaambia Wakorintho kuhusu mchango wa Yerusalemu kwamba hataki wengine wapate raha na wao wapate dhiki, bali mambo yawe sawasawa (2 Wakorintho 8). Oa, mdogo wangu. Weka tofali. Bibi apate dawa.

#10 Nesi Mstaafu

Mama Watatu, hapo kwenye kuwasema watu jikoni umenigusa. Nimelitenda hilo miaka mingi na nikaliita huduma.

#11 Mchungaji wa Kijijini

Nimefuatilia uzi huu kwa siku kadhaa, mtandao wetu huku ni wa kupanda mlimani. Nitasema mambo mawili.

La kwanza, neno “mngojane”. Kwa Kigiriki kitenzi chake ni ekdekhomai. Maana yake ya kawaida ni kungoja, na Biblia yetu imetafsiri sawa. Lakini kiini chake ni kupokea, na wapo wanaosoma mstari huo kama “pokeaneni”. Sitaki kubishana na watafsiri. Ninachoona ni kwamba mtu anaweza kungojwa bila kupokelewa. Nimewahi kuwa mgeni katika nyumba ambako waliningoja vizuri sana, na nilipoingia nikajua nimewachelewesha.

La pili, Wafilipi 2 ambayo sote tunaikariri: “kila mtu na amhesabu mwenziwe kuwa bora kuliko nafsi yake.” Tumeifanya iwe habari ya kujidharau. Sasa Paulo anaposema Kristo “alijifanya kuwa hana utukufu, akatwaa namna ya mtumwa”, je, Kristo alikuwa hajui yeye ni nani? Alijua. Yohana 13 inasema hivyo wazi: akijua ya kuwa Baba amempa vyote mikononi mwake, aliondoka chakulani, akajifunga kitambaa. Anayejua yeye ni nani anaweza kushika miguu ya mtu. Asiyejua, hata akiosha miguu, jicho lake liko kwa watazamaji.

Ndugu Baba Neema, nakuuliza kwa upendo. Ulipomwonea Dada huruma, ulikuwa unamhesabu kuwa bora kuliko nafsi yako, au kuwa duni anayestahili kusaidiwa? Unaweza kumpa mtu saa yake, kiti na sahani, na bado akabaki chini. Hiyo ndiyo sehemu inayonishinda mimi mwenyewe kama mchungaji.

#12 Baba Neema

Nimechelewa kurudi, naomba radhi. Yametokea mengi.

Nilifanya kama Mzee wa Karagwe alivyosema, ila nusu. Mbele ya jumuiya nilisema tunahamisha saa iwe moja na nusu, nikasema ni kosa langu, Dada akiwepo. Watu wakapiga makofi. Alhamisi mbili tukamngoja, yeye akaingia, wote tukageuka kumtazama tukatabasamu. Alhamisi ya tatu hakuja. Ya nne hakuja.

Ndipo nikasoma aliyoandika Mchungaji. Nikamwambia mke wangu, tukaenda kwake Jumapili mchana. Ni chumba kimoja, pazia limekitenga kitanda. Nikamwambia yote bila “kama”. Nilipomaliza akanyamaza muda, akarekebisha kanga, kisha akasema:

“Baba Neema, nimesamehe siku nyingi. Lakini mkiningoja mnanitazama mlangoni, naingia kama mgonjwa. Mimi sikutaka mningoje. Miaka minne sijawahi kuwekwa kwenye zamu ya kupokea jumuiya. Mlisema chumba changu kidogo. Mliniuliza?”

Nikafungua daftari la zamu, nalitunza mimi. Kweli, majina kumi na moja. Lake halimo. Niliona namhurumia.

Mke wangu akamuuliza habari ya ukoko. Akacheka. Akasema kwao Sengerema walikuwa wanagombania ukoko, anaupenda kweli, lakini si ule ulioungua, na si ukiwa peke yake.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yake. Siku hiyo tulikuwa na hesabu za mwisho wa mwezi kazini, nikatoka saa moja kasoro, na daladala ikaharibika njiani. Nikampigia mke wangu kwamba waanze na wale, mimi nitakuta. Akaniambia amewaambia, Dada amekataa. Nikampigia mwenyewe. Akasema, “Njoo,” akakata simu.

Nilifika saa mbili na nusu. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu wote hawakuenea ndani. Wengine walikuwa barazani kwenye vigoda vya jirani, mzee wetu wa kanisa amekalia ndoo iliyopinduliwa, na wanaimba. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Mtu akasogea tu, nikapata nafasi kwenye ukingo wa kitanda, wimbo ukaendelea. Sufuria ilikuwa pale katikati, imefunikwa sinia, na juu ya sinia kitambaa, na hakuna aliyekuwa ameigusa.